Kontena linapita, wenye mashanta tunaulizwa

Kontena la vigae linalokwenda Kigali hujulikana kabla meli haijafunga gati Dar es Salaam. Ushuru wake hulipwa Rwanda likiwa bado liko kwetu, dhamana huwekwa, lakiri ya kielektroniki hufungwa mlangoni, na kuanzia mizani ya Vigwaza hadi Rusumo kuna mtu kwenye kompyuta anayelitazama linavyosogea. Mpakani linasimama upande mmoja tu, tofauti na enzi zile lori lilipolala foleni hadi dereva anasonga ugali wake chini ya tela. Hii ndiyo kazi yangu. Mimi ni wakala wa forodha, nimegomboa mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo tangu sijaolewa, na nasema kwa uhakika kwamba mzigo wa Afrika Mashariki haujawahi kusafiri vizuri kama unavyosafiri siku hizi.

Mtu hasafiri hivyo. Namzungumzia mtu asiye na bidhaa, asiyeitwa kwenye semina, asiye na mgonjwa wala msiba, anayetaka kwenda Kampala au Bujumbura kwa sababu iko jirani na hajaiona. Agosti 2024 mimi na mume wangu tulibeba mashanta mgongoni tukazunguka kwa treni, meli na mabasi: Mwanza, Bukoba, Kampala, Kigali, Bujumbura, Kigoma, kisha nyumbani. Nimerudi na jambo ninalotaka lisikike Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Dodoma kwa wabunge wetu. Bidhaa tumezitengenezea njia. Mtalii wa kutoka ng'ambo tumemtengenezea njia. Mwananchi wa kawaida wa Jumuiya anayetaka kumtembelea jirani yake anajitafutia mwenyewe, na njia hiyo ni haki yake.

Hata nyumbani hatukueleweka kirahisi. Pesa zilitoka kwenye kikoba. Tulipokivunja Julai, wenzangu walidhani naenda kuezeka nyumba ya Kibaha. Mama mkwe aliuliza, akarudia tena kuuliza, huko Uganda tuna mgonjwa gani. Jirani mmoja alimnong'oneza binti yetu kwamba wazazi wake wanakwenda kwa mganga na hawataki kusema. Siwalaumu. Kwetu mtu mzima hufunga safari kwa sababu inayotajika: amefiwa, anaoza, anauguza, anafuata mali. Mimi na Baba Neema tumesafiri pamoja ndoa yetu yote, lakini kila safari ilikuwa na masufuria, kanga za sare na daftari la michango. Mtu akichangia harusi baada ya harusi, kamati ikimpangia na kiwango, hakuna anayemwambia anafanya anasa. Achukue kiasi hicho hicho aende na mkewe kuona maziwa yaliyo kwenye ramani ya nchi yake, ndipo atashangaa maneno yatakayosemwa. Na kama sisi wenyewe hatujioni kuwa wasafiri, sitarajii ofisa wa mpakani atuone hivyo.

Treni ya umeme hadi Dodoma ilikuwa mpya kabisa, imezinduliwa siku chache kabla, na sina la kusema zaidi ya kwamba ilitufikisha mapema na tukiwa hatujachoka. Basi la Mwanza ni basi la Mwanza. Lakini Mwanza tulipanda MV New Victoria, meli ya usiku ya Bukoba, na hapo nataka nikae kidogo.

Baba Neema ni fundi wa injini za dizeli. Kabla hatujapata hata pa kuweka mashanta alikuwa ameshamtafuta mtu wa mashine wakaanza kuzungumza, na mazungumzo yao yaliendelea hadi taa za mji zilipopotea. Meli hii ilianza kazi mwaka 1961, enzi hizo ikiitwa Victoria tu, na kazi yake ilikuwa kulizunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Ilikuwa ya shirika moja la nchi tatu. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977 mali ziligawanywa, meli ikaangukia upande wetu, na mzunguko ule ukafa. Imefanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi majini 2020, na fundi wangu, ambaye hasifu injini ovyo, alisema inapumua vizuri. Sisi tuliotaka kuendelea hadi Port Bell tulishuka Bukoba asubuhi tukaanza kutafuta gari la Mutukula. Jumuiya hii ya pili iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Ziwa halijahama. Kama wazee wetu waliweza kumpandisha abiria Kisumu wakamteremsha Uganda kabla hata nchi zote hazijapata uhuru, sioni kinachotuzuia sisi kuurudisha mzunguko ule wa abiria, na ningependa waziri mwenye dhamana atuambie ni lini.

Sasa habari ya mpaka. Tulivuka mipaka kadhaa na mingi ilikwenda salama. Kwenye mmoja, ambao sitautaja kwa kuwa kijana yule alifanya kazi yake kwa adabu, mambo yalikwenda hivi. Alipokea pasipoti zetu, akatazama kadi za njano za chanjo, kisha akatazama mashanta.

"Mama, mnakwenda kwa nani?"

"Hatuna mtu. Tunakwenda kutembea."

"Mna biashara kule?"

"Hapana."

"Mzee, mmealikwa? Kanisani, mkutano?"

"Tunatembea, mwanangu," Baba Neema akamjibu. "Mimi na mke wangu."

Akaomba barua ya mwaliko. Hatukuwa nayo, wala sheria haitudai. Akaomba jina la tutakapolala. Nikamtajia gesti niliyoelekezwa na dereva. Akamwita mwenzake, wakasogea pembeni wakashauriana, pasipoti zetu zikiwa mkononi. Nje basi lilikuwa limeanza kupiga honi. Nyuma yetu walisimama vijana wawili wa Kizungu, mume na mke au wachumba, mashanta yao makubwa kuliko yetu. Wakaitwa dirisha la pili. Wakaulizwa watakaa siku ngapi, wakagongewa muhuri, wakatupita.

Wale vijana sina neno nao. Viza yao wameilipia, na hiyo viza yenyewe ni kazi nzuri: tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya utalii, dola 100, inayomruhusu mgeni kuzunguka nchi hizo tatu kwa siku 90. Kuna watu walikaa mezani wakamfikiria mgeni yule tangu anashuka kwenye ndege hadi anarudi kwao. Kilichoniuma ni kwamba ofisa aliwaelewa mara moja watu waliotoka mbali namna ile, akashindwa kutuelewa sisi majirani zake tunaozungumza naye Kiswahili.

Na kitabu kiko upande wetu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Kanuni zake za watu kwenda na kurudi zinataja kutembelea kuwa sababu halali ya kuingia nchi mwanachama, sawa na matibabu, sawa na kupita kwenda kwingine. Raia wa Jumuiya halipii viza. Anaweza kupewa hadi miezi sita. Mimi nimezoea kusoma kanuni kwa sababu ya kazi, na nilikuwa nimezisoma hizi kabla ya kuondoka; nilimsomea yule kijana kwenye simu kwa upole, akanisikiliza, akagonga muhuri. Lakini mwanamke wa Kariakoo anayeuza vitenge, ambaye kwa mara ya kwanza anakwenda na mumewe kupumzika, hatakuwa na itifaki kwenye simu. Ataambiwa alete barua ya mwaliko, na atageuza.

Wengi hata hawafiki dirishani. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Kwa mtu na mkewe ni 300,000, na hiyo ni zaidi ya nauli tuliyolipa sote wawili kutoka Mwanza hadi Kigali, meli na mabasi yakiwa yamehesabiwa. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Itifaki ile ile inaruhusu, ikiachia nchi zinazokubaliana kufanya hivyo. Sisi hatukuingia. Mganda niliyekaa naye kwenye basi la Kigali, mwalimu wa shule ya msingi, alitoa kadi yake mfukoni, akavuka, akairudisha mfukoni. Alikuwa anakwenda kumwona dada yake na kurudi kesho yake.

Hoja ya upande wa pili naijua, nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Usalama. Wahamiaji haramu. Kadi za NIDA hazijawafikia wote. Hoja ya mwisho ina ukweli, na dawa yake ni kuzichapa kadi. Lakini hoja ya usalama siielewi, kwa sababu tayari tunampa raia hati ya dharura ya kusafiria, karatasi tu, tunamruhusu avuke nayo. Kadi ya NIDA ina alama za vidole vya mwenyewe na namba yake kwenye kanzidata. Mzigo wa mamilioni tunauamini kwa namba. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa isiyozidi dola 2,000 tumemrahisishia hadi cheti cha asili cha bidhaa, anajaza fomu fupi mpakani anakwenda zake, na tulifanya vizuri. Kama magunia yake ya vitunguu yamerahisishiwa, mwenye magunia naye arahisishiwe siku ambayo hana magunia.

Kampala tulikaa karibu na stendi kubwa ya teksi, zile ambazo sisi tunaziita daladala, na kelele zake sijazisikia kwingine. Asubuhi tulikula katogo, ndizi zilizopikwa na utumbo kwenye chungu kimoja, kwa mama mmoja aliyekuwa akitutengea kabla hatujakaa. Lakini kilichonifanya nitoe daftari ni ofisi ya hifadhi za wanyamapori. Maisha yangu yote nimejua kwamba gorila wa milimani wa Bwindi ni wa watu wenye dola. Kibali cha mgeni wa ng'ambo ni dola 800. Yule dada wa dirishani akaniambia, bila hata mimi kuuliza, kwamba Mwana Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, yaani kama dola 80. Moja ya kumi. Vibali hununuliwa mapema na sisi tulikuwa na tiketi za Kigali mkononi, kwa hiyo hatukwenda. Hata hivyo nilitoka pale nimekasirika. Bei ya jirani ipo, imewekwa, imeandikwa. Hifadhi zetu za Tanzania nazo zina kiingilio cha Mwana Afrika Mashariki kilicho chini mno ya kile cha mgeni. Ni redio gani umeisikia ikitangaza hayo kwa Kiswahili? Matangazo ya utalii ya nchi zetu yanakwenda London na Berlin. Mtu wa Singida, wa Jinja, wa Ngozi, hakuna anayemwambia kwamba mlango wake uko wazi kwa moja ya kumi ya bei.

Kuelekea Kigali niliona jambo dogo ambalo bado nalifikiria. Gatuna ndipo magari yanapohama upande, Uganda wanaendesha kushoto, Rwanda kulia. Basi letu lilikuwa la kushoto, mlango wake uko kushoto. Tulipoanza kushusha abiria ndani ya Rwanda mlango ulifungukia katikati ya barabara. Konda alikuwa akiruka kwanza, anasimama ameunyoosha mkono kuzuia pikipiki na malori ya nyuma, ndipo mama mwenye mtoto anashuka akizunguka mbele ya basi kwenda ukingoni. Kila kituo hivyo hivyo. Baba Neema aliangalia, akatikisa kichwa, akasema fundi yeyote wa bodi anaweza kukata mlango wa pili kwa wiki moja. Lori la mzigo limetungiwa sheria nzima ya Jumuiya: tani 56 mwisho, kila ekseli na uzito wake, mizani kila baada ya mwendo. Abiria anayeshukia katikati ya barabara anautegemea mkono wa konda.

Kigali yenyewe ilitutuliza. Jioni tulikunywa chai Biryogo, mtaa uliofungwa kwa magari, barabara imepakwa rangi, meza zimepangwa hadi katikati, na Kiswahili kinazungumzwa kama uko Tabora. Siku ya pili tulikwenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Sitaeleza tulichokiona ndani. Mume wangu alitoka kabla yangu, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, na hakutaka kuzungumza.

Alizungumza siku iliyofuata, na ilitokea kwa sababu ya mpaka uliofungwa. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Kabla ya hapo mtu alipanda basi Kigali asubuhi akala chakula cha mchana Bujumbura. Sisi ilitubidi turudi Tanzania kupitia Rusumo, tuzunguke Ngara, tutokee tena Kabanga kwenda Kobero. Tuligongewa muhuri wa kuingia nyumbani na kesho yake wa kutoka. Wakubwa wana ugomvi wao na sina ujuzi wa kuuhukumu, lakini nauli ya ugomvi huo tunailipa sisi. Pale Rusumo penyewe, chini ya daraja, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawasawa. Umeme wa maji yale unafika nchi zote tatu. Mama niliyekutana naye kwenye foleni, Mrundi aliyeolewa Rwanda, alikuwa anakwenda kumzika baba yake, na alikuwa anazunguka kama sisi.

Tulipanda mchomoko, Probox iliyojaa watu hadi kwenye buti. Tulipofika njia panda ya Benaco, Baba Neema alimwambia dereva asimame.

Mwaka 1994 alikuwa kijana, utingo kwenye lori lililobeba mahindi ya msaada. Mzigo ulikuja kwa reli hadi Isaka, na kutoka Isaka malori yaliupeleka Ngara. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule wakimbizi wa Rwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko karibu miji yetu yote. Haya nilikuwa nayajua kwenye vitabu. Sikujua kwamba mume wangu alikuwa pale. Tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, nimemzalia watoto, ananisimulia hadi boliti alizokata kazini, na jambo hilo hakuwahi kunigusia. Alinionyesha upande lilikokuwa linashushwa gunia, akanionyesha mteremko walikokuwa wakipanga foleni ya maji. Kuna mtoto wa kike alikuwa akija kuokota punje zilizodondoka chini ya lori lao, anaziweka kwenye kopo la maziwa. Kila safari walimkuta. Safari moja hawakumkuta. Desemba 1996 kambi zilifungwa na watu wakarudishwa kwao kwa miguu, daraja lile lile, na yeye alikuwa ameshaacha kazi ya lori, amekwenda kujifunza ufundi Dar es Salaam, akakutana na mimi.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Alisema hakukuwa na siku ambayo tumekaa wawili bila kazi ya kufanya.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko jambo lolote la safari ile, na ndiyo sababu siwezi kukubaliana na anayesema kutembea ni anasa ya wenye nazo. Watu wa umri wetu wamelea, wamezika, wamejenga, wamechangia. Wana haki ya siku kadhaa za kukaa wawili kwenye kiti cha basi, wakiangalia milima, hakuna anayewaita. Na nchi zetu zina historia ambayo haiwezi kueleweka mtu akiwa upande mmoja wa daraja. Mimi nimepitisha nyaraka za Rusumo kwa miaka, jina hilo nimeliandika hadi mkono unajiandikia wenyewe, na nilikuwa sijui linahusu nini nyumbani kwangu.

Burundi ilikuwa na shida ya mafuta. Kabla hatujavuka Kabanga niliona watu wakijaza madumu upande wetu. Mpakani tulinawa mikono na kupimwa joto, kwa sababu ya ugonjwa wa mpox uliokuwa umeingia nchini mwao, na kazi hiyo ilifanywa haraka na kwa heshima. Bujumbura foleni za magari kwenye vituo vya mafuta zilizunguka mitaa, madereva wamelala ndani ya magari. Tulikaa nao sana, kwa kuwa gari letu nalo lilikuwa linasubiri. Wengi walizungumza Kiswahili kizuri, hasa wa Buyenzi. Waliijua bandari ya Dar es Salaam geti kwa geti, nani anapima, nani anachelewesha. Na kila mmoja, akishajua tunatoka wapi, aliuliza swali moja: mzigo wenu uko wapi? Tukiwaambia hatuna mzigo, wanacheka kwa furaha, wanatuonyesha kwa wenzao. Mmoja alitupeleka mwenyewe, kwa miguu, hadi sehemu wanayochoma samaki wa mukeke, akasimama hadi tukahudumiwa. Alisema Watanzania anawaona kila siku, wageni Watanzania hajawaona.

Njia ya ziwani kwenda Kigoma inapita Rumonge, katikati ya michikichi. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilikuwa limefurika, na kwenye kuta za nyumba za pwani ungeona mstari wa maji ulipofika, juu ya madirisha. Tulivuka Manyovu mchana. Kutoka Kigoma treni ya zamani ilitubeba taratibu hadi pwani, Baba Neema akilala kila alipopata nafasi.

Wabunge wetu watasema mambo ya Jumuiya yanaamuliwa na wakuu wa nchi. Sawa. Lakini kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ni jambo tunaloweza kukubaliana na nchi zinazolifanya tayari, bila kuwasubiri wanachama wote. Kuwafundisha maofisa wa uhamiaji kwamba mtu na mkewe wanaweza kuvuka kwa kutembea tu, na kwamba kanuni inawaruhusu, hakuhitaji mkutano wa kilele. Kutangaza bei ya Mwana Afrika Mashariki kwa Kiswahili kwenye kila stendi kubwa ya mabasi ni gharama ya bango. Haya yafanyike kwanza, meli na mabasi yafuate.

Kwenye kikoba chetu wanawake wameanza kuweka akiba ya kwenda Namugongo tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, na safari hii wanataka kwenda na waume zao. Waislamu wawili nao wamejiandikisha, wanasema watabaki Kampala mjini. Mwenyekiti wetu amepiga hesabu ya basi na malazi, imekaa vizuri. Kisha akaongeza safu ya pasipoti kwa kila mtu na mwenzake, na wengine wakaanza kufuta majina.